Mwongozo Kamili: Kushona Mfarishi kwa Mkono kwenye Fremu ya Duara Bila Kuumiza Vidole

Wanaojaribu kushona mfarishi kwa mkono, yaani blanketi la tabaka tatu (kitambaa cha juu, pamba katikati na bitana ya nyuma), hukwama karibu wote mahali pamoja. Kipande cha juu kimeunganishwa vizuri, pamba imelazwa, bitana iko chini, fremu imekazwa barabara, halafu sindano inagoma. Mishono inatoka mirefu na iliyopinda, kidole cha chini kinatobolewa, bega linauma, na baada ya jioni mbili kazi inakunjwa na kuwekwa kabatini.

Mara nyingi tatizo si mikono ya mshonaji. Ni kwamba kitambaa kimevutwa mno kwenye fremu, na sindano inasukumwa kwa ncha za vidole badala ya kastabini, ile kofia ndogo ya chuma ya kukinga kidole. Ukirekebisha hayo mawili, mengine yote ni mazoezi. Soma hatua zote kwanza, kisha anza na kipande cha kujifunzia. Usianzie kwenye mfarishi unaoupenda.

## Vifaa vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Fremu ya duara. Tafuta ya mbao yenye kipenyo cha inchi 14 hivi, yaani sentimita 35. Iwe na pete mbili nene na skrubu ya kukazia pete ya nje. Fremu nyembamba za kudarizi maua hazifai, kwa sababu hazishiki tabaka tatu. Fremu kubwa kupita kiasi nayo ni mzigo: ukiikumbatia, mkono wa chini usifike katikati kwa raha, hiyo si yako.

Sindano fupi za kushonea mfarishi. Namba ikiwa kubwa, sindano ni fupi na nyembamba zaidi. Anza na namba 8 au 9. Namba 10 na 12 zinatoa mishono midogo, lakini zinapinda upesi mkononi mwa anayeanza. Nunua pakiti nzima, maana sindano iliyopinda au kupoteza makali haina kazi tena.

Uzi wa pamba wa kushonea mfarishi kwa mkono. Ni mzito kuliko wa cherehani na umepakwa kitu cha kuufanya uwe mgumu kidogo, usijisokote. Ukikosa, tumia uzi imara wa pamba uliopitishwa kwenye nta ya nyuki.

Kastabini ya chuma. Iwe na vishimo vyenye kina na ukingo ulioinuka juu. Ivae kidole cha kati cha mkono unaoshonea. Itikise: isidondoke, lakini pia isikubane mpaka kidole kibadilike rangi.

Pamba ya kati iliyo laini na nyembamba. Hapa ndipo wengi huponzwa dukani. Baadhi ya pamba zina wavu mwembamba uliobanwa ndani ili zisichanike, na sindano ya mkono inakwaruza kwenye wavu huo kila inapopita. Chomeka sindano kwenye sampuli kabla ya kununua. Ikiingia bila kelele wala ukinzani, inafaa.

Kitambaa cha juu na bitana. Chagua kitambaa laini cha kawaida cha pamba. Usitumie shuka la kitanda kuwa bitana. Nyuzi zake nyingi zimefumwa kwa kubanana sana, na sindano itapigana nalo mpaka mwisho.

Vingine ni vidogo: mkasi, rula, chaki ya fundi au penseli inayofutika, tepu ya karatasi, uzi wowote wa kupigia bandi (mishono mirefu ya muda), na kipande kidogo cha mpira mwembamba cha kushikia sindano inapoteleza.

Kwa kujifunza, kata kipande cha juu cha sentimita 50 kwa 50, rangi moja isiyokoza, na chagua uzi wa rangi nyeusi au buluu iliyokolea. Utataka kuona kila mshono wako, mzuri na mbaya.

## Hatua ya 1: Chora mistari

Piga pasi kitambaa cha juu, kisha chora mistari iliyonyooka yenye nafasi ya sentimita 3 kati yake. Maua na miduara vije baadaye. Mstari ulionyooka ndio utakaokuonyesha kama mishono yako inalingana.

Jaribu kwanza chombo cha kuchorea kwenye kona na uoshe uone kama kinatoka. Ukitumia kalamu ya wino unaofutika kwa maji, usipige pasi juu ya alama zake, maana joto linaweza kuzigandisha zisitoke tena. Tepu ya karatasi ni njia safi zaidi: ibandike, shona kando ya ukingo wake, ibandue. Usiiache usiku kucha, gundi yake itabaki kwenye kitambaa.

## Hatua ya 2: Panga tabaka tatu na upige bandi

Tandaza bitana mezani, uso wake mzuri ukitazama chini. Izidi kipande cha juu kwa sentimita 10 kila upande. Ishikize kwa tepu pembeni ili ikae bapa bila kuvutika. Laza pamba juu yake, kisha kitambaa cha juu, ukilainisha kwa viganja kutoka katikati kwenda nje.

Sasa piga bandi: mishono mirefu na mepesi, mistari yenye nafasi ya sentimita 10 hivi, ukianzia katikati kwenda kila upande, kisha ukikatiza kwa mistari ya upande mwingine. Bandi huchosha, na kila anayeanza hutamani kuiruka. Usiiruke. Fremu itafungwa na kufunguliwa mara nyingi, na bila bandi bitana itasogea kidogo kila mara mpaka ijikunje ndani ya mishono yako. Pini za usalama zinashikiza haraka, lakini kwenye fremu ya duara zinaingia kati ya pete na kunasa uzi.

Umefaulu ukigeuza kazi nzima upande wa nyuma na kuona bitana imelala bapa, bila kunyanzi hata moja.

## Hatua ya 3: Funga kwenye fremu, kisha ulegeze

Legeza skrubu na utenganishe pete. Weka pete ya ndani mezani, tandaza kazi juu yake sehemu ya katikati, kisha shusha pete ya nje na ukaze skrubu kiasi. Lainisha juu na chini mpaka kusiwe na mkunjo.

Mpaka hapo kitambaa kimekazika kama ngozi ya ngoma, na wengi huanza kushona hivyo hivyo. Ndilo kosa lenyewe. Sindano inayumba juu na chini, inahitaji kitambaa kinachoinama nayo. Kitambaa kikikazwa hakiinami, kwa hiyo unalazimika kuchomeka kwa mshazari, na mshazari ndio unaozaa mishono mirefu juu na iliyopotea chini.

Basi bonyeza katikati kwa kiganja mpaka kitambaa kizame sentimita 2 au 3, kisha kaza skrubu ili pete zishike hali hiyo. Jipime hivi: weka mkono wa chini mahali pake na usukume kidole juu. Kiinuke kilima kidogo unachoweza kukibana kwa kidole gumba na cha shahada kutoka juu. Huwezi kukibana? Legeza tena. Itakushangaza ni legelege kiasi gani kinahitajika.

Anza kushona kila mara katikati ya mfarishi kwenda nje, ili ziada yoyote ya kitambaa isukumwe pembeni. Na ukimaliza kazi ya siku, toa fremu. Ikiachwa siku kadhaa, pete huacha alama ya duara ambayo hata kufua hakuitoi kwa urahisi.

## Hatua ya 4: Kaa vizuri

Keti kwenye kiti kisicho na mikono, nyayo zote mbili sakafuni. Egemeza ukingo wa mbali wa fremu kwenye meza na ukingo wa karibu mapajani, ili fremu iiname kidogo kukuelekea. Sehemu yote ya mfarishi isiyoshonwa ipumzike juu ya meza. Ikining'inia, uzito wake utaivuta fremu na wewe utakuwa unaishikilia kwa mabega bila kujua.

Mwanga utoke upande ulio kinyume na mkono unaoshonea, usije ukashona ndani ya kivuli chako mwenyewe.

Simama kila baada ya dakika 20 au 30. Nyoosha vidole, zungusha mabega, tazama mbali. Maumivu ya kifundo cha mkono ni ishara ya kuacha kwa siku hiyo. Mkono uliochoka hushona vibaya, na siku inayofuata utatumika kufumua.

## Hatua ya 5: Tia uzi na ufunge fundo dogo

Kata uzi wa sentimita 45. Uzi mrefu zaidi unaonekana kuokoa muda, lakini hupita kwenye tabaka mara nyingi hadi uchakae, na hujisokota njiani.

Fundo linafungwa kwenye sindano yenyewe. Shika sindano kwa mkono mmoja, ncha ikitazama juu. Laza mwisho wa uzi kwenye sindano, uubane kwa kidole, kisha uzungushe uzi mara 3 kuizunguka ncha. Bana mizunguko hiyo kwa kidole gumba na cha shahada, vuta sindano ipite katikati yake, na teremsha mizunguko mpaka mwisho wa uzi bila kuiachia. Utapata fundo dogo la mviringo. Mkia uliobaki nyuma yake upunguze ubaki nusu sentimita.

## Hatua ya 6: Lizamishe fundo

Chomeka sindano kwenye kitambaa cha juu, sentimita 2 hivi kabla ya mahali pa kuanzia. Ipite ndani ya pamba tu, isiguse bitana, na itokeze mwanzoni mwa mstari wako. Vuta mpaka fundo likae juu ya kitambaa. Sasa lipe mvuto mfupi na imara. Utasikia mlio mdogo likizama, na litabaki ndani ya pamba.

Likigoma, tanua kidogo nyuzi za kitambaa pale kwenye tundu kwa ncha ya sindano, kisha vuta tena. Likichomoka lote, ni dogo mno: zungusha mara moja zaidi.

## Hatua ya 7: Mshono wa kuyumbisha sindano

Hii ndiyo hatua ya kukaa nayo. Maelezo ni ya mtu anayeshona kwa mkono wa kulia, kutoka kulia kwenda kushoto. Wa mkono wa kushoto ageuze.

Mkono wa kushoto uko chini ya fremu. Kidole cha shahada au cha kati kinagusa bitana pale sindano itakapotokea.

1. Simamisha sindano wima. Ishike kwa kidole gumba na cha shahada, ncha ikielekea chini moja kwa moja, mbele kidogo ya mahali uzi ulipotokea. Weka upande wa tundu la uzi ndani ya kishimo cha kastabini. Kisha uachie. Naam, toa kidole gumba na cha shahada kabisa. Kuanzia sasa sindano inashikiliwa na kastabini upande mmoja na kitambaa upande mwingine. Kuachia huku kunatisha mwanzoni, lakini bila hivyo sindano haiwezi kuyumba.

2. Bonyeza kwa kastabini mpaka kidole cha chini kiiguse ncha. Kuigusa tu. Ukihisi ncha, bila kuchomwa, sindano imekwisha kupita tabaka zote tatu. Hakuna sababu ya kuisukuma zaidi.

3. Laza sindano. Teremsha kastabini na upande wa tundu mpaka sindano ikaribie kulala juu ya kitambaa. Wakati huohuo kidole cha chini kinasukuma juu, nyuma tu ya ncha, na kidole gumba cha juu kinabonyeza kitambaa mbele ya ncha. Vidole hivi viwili vinatengeneza ukingo mdogo wa kitambaa, na ncha inautoboa ukingo huo.

4. Simama ncha inapochungulia. Milimita 1 au 2 za ncha zikionekana, zinatosha. Ukiiacha itokeze zaidi, huo ndio urefu wa mshono wako.

5. Inua sindano iwe wima tena, bonyeza, gusa, laza, chungulia. Anza kwa kubeba mishono 2 kwenye sindano, kisha 3. Kila mshono unaobebwa hufanya sindano iwe ngumu zaidi kuisimamisha, na mshono wa mwisho ukibebwa kwa nguvu huwa mrefu kuliko wenzake.

6. Sukuma kwa kastabini na uvute uzi. Sindano ikikwama, ishike kwa kipande cha mpira, si kwa meno. Vuta mpaka uzi uzame kidogo na kitambaa kibonyee kidogo kuuzunguka. Kitambaa kikijikunja, umevuta mno.

Usihesabu mishono siku ya kwanza. Tazama kitu kimoja: je, urefu wa mshono unalingana na nafasi inayoufuata? Mishono 5 inayolingana ndani ya inchi moja, ukihesabu inayoonekana juu tu, ni kazi nzuri kwa anayeanza. Wazoefu hufika 8 hadi 10, na hufika huko kwa sababu ya mkono uliozoea, si kwa kujikaza. Ukilazimisha udogo mapema, utakachopata ni mishono isiyofika kwenye bitana.

Geuza fremu kila baada ya mstari mmoja. Nyuma mishono itakuwa midogo kidogo kuliko ya juu, na hilo ni sawa. Ukiona mapengo, ina maana hukuisubiri ncha iguse kidole. Ukiona mistari imepinda nyuma lakini imenyooka juu, sindano iliingia kwa mshazari: rudi kwenye kuisimamisha wima.

Wapo wanaochomeka sindano moja kwa moja chini, wakaipokea na kuirudisha juu, mshono mmoja baada ya mwingine. Njia hiyo ni halali, na inasaidia sana panapokutana mishono minene ya kuunganisha vipande. Lakini ni ya polepole, na mistari ya nyuma hupotea kwa urahisi. Jifunze kuyumbisha kwanza.

## Hatua ya 8: Kumaliza uzi

Uzi ukibaki sentimita 12 hivi, acha kushona. Funga fundo karibu na kitambaa, umbali wa mshono mmoja: zungusha uzi mara 2 kwenye sindano, teremsha fundo kwa ncha mpaka lifike mahali pake, kaza.

Chomeka sindano pale ambapo mshono wa mwisho ungeingia, ipite ndani ya pamba bila kugusa bitana, itokeze sentimita 2 mbele, na uvute fundo lizame. Vuta uzi kidogo, ukate karibu kabisa na kitambaa, na ncha yake itarudi ndani yenyewe. Kuwa mwangalifu na mkasi hapa. Tundu lililokatwa kwenye kitambaa cha juu halifichiki.

Kama mstari unaofuata uko karibu, usikate uzi. Telezesha sindano ndani ya pamba mpaka huko, mradi umbali usizidi urefu wa sindano mara mbili. Uzi mrefu uliopitishwa ndani huonekana kwenye kitambaa chepesi, na hukaza sehemu hiyo.

## Kidole cha chini kikiuma

Kitauma siku za mwanzo, kisha kitafanya sugu. Lakini sugu hujengwa na kuguswa mara nyingi, si kwa kudungwa. Kikitoa damu kila mara, unasukuma kwa nguvu kuliko inavyotakiwa. Bandika kipande kidogo cha ngozi laini au plasta nyembamba, au badilisha vidole ili kimoja kipumzike. Kastabini nene chini haifai kwa anayeanza, kwa sababu inakunyima ile hisia ya ncha ambayo kazi yote inaitegemea.

Damu ikidondoka kwenye kitambaa, iloweshe kwa maji baridi palepale. Maji moto huigandisha.

## Ukifika pembezoni

Fremu ya duara haishiki kona. Shikiza kwa bandi kitambaa chochote chakavu, upana wa sentimita 20 hivi, kwenye ukingo wa mfarishi, na pete zikishike hicho. Usikaze mfarishi nusu tu kwenye fremu, sehemu isiyoshikwa itavutika na kona itatoka imepinda.

## Ukihamia kwenye fremu kubwa ya kusimama

Fremu ya kusimama yenye magogo ya kuviringishia inashika mfarishi wote kwa upana wake, na mikono yako haibebi chochote. Ni raha kubwa kwa mgongo, ukiipanga vizuri: ukingo wa mbele uwe chini kidogo ya kiwiko, na kiti kisogee karibu mpaka usihitaji kuinama. Ulegevu wa kitambaa ni uleule. Watu wengi huviringisha magogo mpaka kitambaa kikazike, halafu wanashangaa mishono yao mizuri ya fremu ya duara imekwenda wapi.

Tofauti kubwa ni kwamba fremu hii haigeuki. Kwenye ya duara unazungusha kazi ili kila mstari ukujie kutoka kulia. Hapa mstari wa kwenda mbali nawe lazima ushonwe ulivyo, kwa kusukuma sindano na kastabini iliyovaliwa kidole gumba. Jizoeze hilo kwenye kipande cha kujifunzia kabla ya kufunga mfarishi mzima.

Tia uzi sindano 6 au 8 kwa pamoja, anza kila mstari na sindano yake, na uisogeze mistari yote ikija kwako kwa upana wote wa eneo unalolifikia. Ukifika mwisho wa eneo hilo, chomeka kila sindano mahali ilipofika, viringisha gogo, legeza, na uendelee na sindano zilezile.